Mwongozo kamili wa kumuuguza mgonjwa mwenye shinikizo la ubongo na jeraha la uti wa mgongo

Kosa linalojirudia wodini ni hili. Muuguzi anajua kwamba aliyeumia kichwa huinuliwa kichwa, na anajua kwamba aliyeumia mgongo hakunjwi. Akiletewa mtu aliyeanguka kutoka juu, mwenye yote mawili, anashika kanuni moja na kuiacha nyingine. Ama anamlaza chali kabisa na shinikizo ndani ya fuvu linapanda usiku kucha, ama anainua kitanda upande wa kichwani na pingili iliyovunjika inasogea.

Chembe za ubongo na za uti wa mgongo zilizokufa wakati wa ajali hazirudi. Tunazolinda ni zile zilizopona, na zinauawa na vitu vichache tu: oksijeni kupungua, presha ya damu kushuka, shinikizo kupanda, na mikono inayomgeuza mgonjwa vibaya. Vitu hivyo vinne muuguzi anavigusa kila saa, kuliko mtu mwingine yeyote hospitalini.

Dozi zilizotajwa humu ni za kukusaidia kulinganisha na maagizo ya daktari. Usijiagizie dawa.

## Andaa haya kabla mgonjwa hajafika

- Oksijeni, barakoa, mfuko wa kupumulishia kwa mkono, na mashine ya kunyonya makohozi uliyokwisha kuiwasha na kuiona inanyonya
- Mipira ya kunyonyea ambayo unene wake hauzidi nusu ya kipenyo cha ndani cha mrija wa hewa
- Kola ngumu ya shingo ya saizi yake, na taulo mbili zilizoviringishwa za kuweka kando ya kichwa
- Tochi ndogo ya kupimia mboni na fomu ya Kipimo cha Glasgow (alama za fahamu, kuanzia 3 hadi 15 ya mwenye fahamu timamu)
- Mashine ya presha, oksimita (ya kupima oksijeni kwenye damu), kipimajoto na glukomita (ya kupima sukari)
- Mpira wa mkojo, mfuko wenye alama za mililita, na jeli ya lignokeini (ganzi)
- Dripu za chumvi ya asilimia 0.9, manitoli (dawa ya kupunguza shinikizo la ubongo) na seti ya dripu yenye chujio
- Atropini (dawa ya kuharakisha moyo uliopungua kasi), iwe kitandani kabisa na siyo kabatini
- Mito minne na shuka la kutelezeshea
- Watu watano: wanne wa kumgeuza, mmoja wa kukagua mgongo

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Watu ni kifaa kama vifaa vingine. Jua mapema nani yuko zamu na nani utamwita usiku wa manane.

## Hatua ya 1: Fungua njia ya hewa bila kuisogeza shingo

Usimwinamishe kichwa nyuma. Sukuma taya la chini kwenda mbele kwa vidole vya mikono miwili, huku mwenzako ameshika kichwa kikiwa sawa na kiwiliwili. Weka oksijeni na uhakikishe oksimita inasoma asilimia 94 au zaidi.

Ukimpumulisha kwa mfuko, hesabu. Mtu mzima anatosheka na pumzi 10 hadi 12 kwa dakika. Woga hutufanya tubane mfuko haraka haraka, na matokeo yake kaboni dayoksaidi inashuka mno kwenye damu, mishipa ya ubongo inasinyaa, na ubongo unakosa damu. Ikipanda mno nayo, mishipa inatanuka na shinikizo linapanda. Ndiyo maana madaktari wengi hulenga milimita za zebaki (mmHg) 35 hadi 40 za kaboni dayoksaidi. Kumpumulisha haraka kwa makusudi ni hatua ya dakika chache tu, ubongo unapoanza kusukumwa kutoka mahali pake, na ni kwa amri ya daktari.

Onyo: majimaji yakitoka puani au sikioni, au kukiwa na weusi kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio, usipitishe mpira wowote puani. Huenda sakafu ya fuvu imevunjika. Mpira wa tumbo upitie mdomoni.

## Hatua ya 2: Ishikilie presha ya damu

Damu inaingia kwenye ubongo kwa nguvu ya tofauti kati ya presha ya wastani ya damu na shinikizo la ndani ya fuvu. Mgonjwa mwenye presha ya wastani 80 na shinikizo la fuvu 20 ana nguvu ya 60 inayosukuma damu. Presha ikishuka hadi 65, imebaki 45, na ubongo unaanza kufa njaa ingawa fuvuni hakuna kilichobadilika. Lengo la kawaida ni 60 hadi 70.

Kupata presha ya wastani: zidisha ya chini kwa 2, jumlisha ya juu, gawanya kwa 3. Ya 120 juu ya 75 inatoa 90.

Mtu mzima mwenye jeraha la kichwa, presha yake ya juu isiruhusiwe kushuka chini ya 110. Kwa wenye miaka 50 hadi 69, isishuke chini ya 100. Kwa jeraha la uti wa mgongo, madaktari wengi huagiza presha ya wastani ya 85 hadi 90 kwa siku 5 hadi 7 za mwanzo, kwa sababu uti uliovimba unahitaji damu isukumwe kwa nguvu.

Presha ikishuka, mguse mgonjwa kabla ya kupiga simu. Ngozi baridi yenye jasho na mapigo ya haraka: anavuja damu mahali fulani, tumboni, kifuani, kwenye nyonga au paja. Ngozi kavu yenye joto na mapigo ya polepole: uti umekatika mawasiliano juu ya pingili ya sita ya kifua, mishipa imelegea, na moyo haupati amri ya kukimbia. Huyu wa pili ukimjaza dripu bila kipimo, maji yataishia mapafuni. Anahitaji dawa za kukaza mishipa. Ila kumbuka kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, hivyo damu inayovuja hutafutwa kwanza hata kama mgongo umevunjika waziwazi.

Dripu ni chumvi ya asilimia 0.9. Glukosi ya asilimia 5 usimpe kama maji ya kawaida: sukari inatumika, maji matupu yanabaki na kuingia kwenye ubongo uliokwisha kuvimba.

## Hatua ya 3: Mlaze inavyostahili

Hapa ndipo penye mkanganyiko wote.

Kama mgongo umethibitishwa kuwa salama na tatizo ni kichwa peke yake, inua kichwani nyuzi 30. Damu ya vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) inateremka kwa uzito wake, na shinikizo linapungua. Shingo iwe katikati, pua ielekee sawa na kitovu. Nyonga zisikunjwe kupita nyuzi 90, kwa sababu tumbo likibanwa, shinikizo linapanda hadi kichwani.

Kama mgongo bado haujathibitishwa, usimkunje popote. Inamisha kitanda kizima, kichwa kikiwa juu na miguu chini, mwili ukiwa umenyooka kama ulivyo. Kitanda kisicho na mtambo wa kuinama kiwekewe matofali au vipande vya mbao imara chini ya miguu ya kichwani. Kitanda cha mita 2 kikiinuliwa sentimita 35 kinapata nyuzi 10, na kikiinuliwa 52 kinapata 15. Hizo nyuzi chache zina faida. Funga breki, jaribu kukitikisa kabla ya kumlaza mtu, na weka mto kwenye nyayo asiteleze.

Kama ni jeraha la uti wa shingo peke yake, bila shinikizo la ubongo, mambo yanageuka. Misuli ya mbavu na tumbo imepooza na anapumua kwa kiwambo pekee, yaani msuli ulio kati ya kifua na tumbo. Akiwa amelala sawasawa, uzito wa tumbo unakisukuma kiwambo juu, kinapata nafasi ya kushuka, na pumzi inakuwa kubwa. Ukimkalisha, tumbo linaning'inia mbele, kiwambo kinabaki chini na pumzi inakuwa fupi. Tena presha yake inaweza kuanguka ghafla. Muuguzi anayemwona anahema na kumkalisha kwa nia njema anamzidishia shida.

Baada ya kumlaza, pitisha vidole shingoni. Kola iliyobana na kamba ya mrija wa hewa iliyozungushwa shingoni huziba vena za shingo, na damu haitoki kichwani. Muulize daktari kila siku kama kola bado inahitajika, na mwombe atoe uamuzi wa mgongo mapema. Swali hilo halimkosei mtu heshima.

Ukifanikiwa: uso hauvimbi wala kuwa mwekundu, vena za shingo hazijatuna, na kama kuna kifaa cha kupima shinikizo, namba inashuka ndani ya dakika chache. Kawaida kwa mtu mzima ni 5 hadi 15. Ikikaa juu ya 22, mwite daktari.

## Hatua ya 4: Pima fahamu kwa namna isiyokudanganya

Andika sehemu tatu za Kipimo cha Glasgow kila moja peke yake: macho, maneno, mwendo. Jumla pekee inaficha mambo. Watu wawili wenye 9 wanaweza kuwa katika hali mbili tofauti kabisa, na sehemu ya mwendo ndiyo inayosema zaidi. Mwenye mrija wa hewa, kwenye maneno andika kwamba ana mrija, usimpe namba ya kubuni.

Sasa mtego. Mgonjwa aliyeumia uti wa shingo hawezi kukunja mkono ukimfinya kidole, hata kama ana fahamu timamu. Akipewa mwendo 1 kwa sababu hiyo, ataonekana mahututi wa ubongo. Kwake, bonyeza ukingo wa mfupa ulio juu ya jicho na utazame uso. Mwambie afumbe macho, atoe ulimi, aangalie juu. Ulimi na macho haviendeshwi na uti wa mgongo, hivyo vinakuambia kuhusu ubongo wenyewe. Mfupa wa uso ukiwa umevunjika, usibonyeze juu ya jicho.

Pima kila nusu saa hadi afikie 15. Kisha kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, halafu kila baada ya saa 2.

Mboni zipimwe chumba kikiwa na mwanga hafifu. Andika ukubwa kwa milimita na kasi ya kusinyaa. Mboni moja iliyokuwa sawa na mwenzake ikipanuka na kugoma mwanga, ubongo unabana neva ya jicho. Hapo usimalizie kujaza fomu. Ita.

Mwite daktari pia kwa: sehemu ya mwendo kushuka, mgonjwa kuanza kuhangaika bila sababu, kutapika tena na tena, kichwa kuuma zaidi, au degedege. Presha ya juu kupanda, mapigo kwenda polepole na pumzi kuvurugika ni dalili tatu zinazokuja zikiwa zimechelewa. Anayezisubiri ndipo aamke amempoteza mgonjwa.

Wakati wa kukabidhiana zamu, wanaotoka na wanaoingia wapime pamoja kitandani. Wakikosana alama moja, wajue wamekosana kwa macho yao na siyo kwamba mgonjwa amezidiwa. Sijui kinga nyingine iliyo rahisi kuliko hiyo.

## Hatua ya 5: Nyonya makohozi kwa kiasi, na achanisha kazi

Kunyonya hupandisha shinikizo la fuvu kila mara. Usinyonye kwa ratiba; nyonya ukisikia makohozi au oksijeni ikishuka.

1. Mpe oksijeni ya asilimia 100 kwa angalau nusu dakika.
2. Ingiza mpira bila kunyonya, nyonya ukiutoa. Sekunde 10, zisizidi 15.
3. Mwache apumue hadi oksimita irudi, ndipo urudie. Safari mbili zinatosha kwa zamu moja ya kunyonya.

Kwa aliyeumia shingo, tazama mapigo ya moyo wakati wote. Mpira ukigusa koromeo unaweza kuuamsha mshipa wa fahamu unaopunguza mwendo wa moyo, na mishipa ya fahamu ya kuuharakisha moyo, ambayo ingeupinga, imekatika mawasiliano. Moyo unaweza kusimama. Toa mpira, mpe oksijeni, na atropini ile iliyo kitandani inakuwa na kazi.

Kisha mambo ya mpangilio. Kuoga, kugeuza, kunyonya na kusafisha kinywa kwa mfululizo kunaokoa muda wetu lakini kunampandishia mgonjwa shinikizo bila nafasi ya kushuka. Fanya moja, subiri namba zitulie, fanya jingine.

## Hatua ya 6: Manitoli, na mambo mengine ya kupunguza shinikizo

Dozi huwa gramu 0.25 hadi 1 kwa kila kilo, kwa dakika 20 hivi. Mtu wa kilo 70 akiagiziwa gramu 0.5 kwa kilo anahitaji gramu 35. Manitoli ya asilimia 20 ina gramu 20 katika kila mililita 100, kwa hiyo anapata mililita 175.

Inua chupa kwenye mwanga. Ukiona chembe, dawa imeganda. Ipashe joto kwenye maji ya moto hadi ziyeyuke, iache ipoe hadi joto la mwili, na tumia chujio. Weka mpira wa mkojo kabla, kwa kuwa mkojo utamiminika. Presha ikiwa chini, usianze: mjulishe daktari kwanza, maana manitoli itatoa maji kwenye mishipa isiyo nayo. Huyu mara nyingi hupewa chumvi nzito (dripu ya chumvi iliyo kali kuliko ya asilimia 0.9) badala yake.

Ukifanikiwa, mkojo unaongezeka ndani ya saa moja na fahamu au mboni zinaanza kurudi. Andika maji yanayoingia na yanayotoka.

Steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) hazina nafasi kwenye jeraha la kichwa. Utafiti mkubwa uitwao CRASH, uliotolewa mwaka 2004 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha waliopewa walikufa zaidi. Ukiziona kwenye faili la mgonjwa wa ajali ya kichwa, uliza.

Homa ishushwe, maumivu yatibiwe, sukari ipimwe, choo kiwe laini asijikamue.

## Hatua ya 7: Kumgeuza kama gogo

Kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Mmoja wenu ni kiongozi, naye anakaa kichwani. Hakuna mwingine anayetoa amri.

1. Kiongozi anashika mabega kwa viganja, na kichwa kinabanwa kati ya mikono yake ya mbele. Haachi hadi kazi iishe.
2. Wa pili anashika bega na kiuno. Wa tatu anashika nyonga na chini ya paja. Mikono ya wa pili na wa tatu ipishane.
3. Wa nne anashika miguu, mto ukiwa kati ya magoti.
4. Mwambie mgonjwa kitakachotokea, hata kama hana fahamu.
5. Kiongozi anasema: "Tutageuza nikifika tatu. Moja, mbili, tatu." Pua, kitovu na vidole vya miguu vinageuka kwa wakati mmoja.
6. Wa tano anakagua kisogo, mabega, mkiani mwa mgongo na visigino, anakausha, ananyoosha shuka.
7. Mnarudi kwa hesabu ileile, au mnaweka mito mgongoni akae ubavu.

Kama mko watatu, msigeuze. Itisha watu. Ubao mgumu aliokuja nao uondolewe mapema iwezekanavyo. Ni wa kusafirishia tu, na kidonda cha mgandamizo huanza wakati ngozi bado inaonekana nzima.

Wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole ni kidonda kilichokwisha kuanza. Mahali hapo pasilaliwe tena hadi parudi.

## Hatua ya 8: Kibofu, utumbo, miguu

Siku za kwanza kibofu kimelegea kabisa, kwa hiyo mpira wa mkojo unabaki. Baadaye, kutoa mkojo kwa mpira wa muda kila saa 4 hadi 6 ni bora, kibofu kisipite mililita 500.

Tumbo likivimba na kuwa kimya, utumbo umesimama: asile, na mpira wa tumbo uwekwe. Utumbo ukiamka, choo kiwe na saa yake ileile kila siku.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, shuku damu iliyoganda. Usiukande.

## Hatua ya 9: Presha inapolipuka wiki kadhaa baadaye

Hatari hii huja wakati kila mtu ameshapumua. Kwa aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kitu kidogo chini ya jeraha, mara nyingi kibofu kilichojaa, kinaamsha mishipa ikaze bila ubongo kuweza kuizuia. Kichwa kinauma kwa kishindo, uso unawaka na kutoka jasho, miguu imepauka, mapigo yanakwenda polepole. Hali hii huitwa disirefleksia ya otonomia, na inaweza kupasua mshipa wa ubongo.

1. Mkalishe wima na ushushe miguu, kama mgongo wake umeshathibitishwa kuwa imara. Huyu hapaswi kulazwa.
2. Legeza nguo, mkanda, soksi za kubana.
3. Fuata mpira wa mkojo kwa mkono kutoka mwilini hadi kwenye mfuko. Umekunjika? Amelalia? Umeziba? Kama hana mpira, ingiza mmoja, ukitanguliza jeli ya lignokeini.
4. Kibofu kikiwa kitupu na presha haijashuka, paka lignokeini kwenye njia ya haja kubwa, subiri dakika 2 au zaidi, ndipo uangalie choo kilichokwama.
5. Kagua ngozi: kidonda, ukucha ulioingia nyamani, mkunjo wa shuka, kitu alichokalia.
6. Pima presha kila dakika 2 hadi 5. Ikibaki 150 au zaidi, daktari ataagiza nifedipini au nitrogliserini. Kabla ya nitrogliserini, muulize faraghani kama ametumia dawa ya nguvu za kiume siku hiyo au siku mbili zilizotangulia, kwa sababu zikikutana presha inaanguka vibaya.

Endelea kumpima kwa saa 2 baada ya kutulia, maana hali hii hurudi.

Andika presha yake ya kawaida kwa maandishi makubwa kwenye jalada la faili, na umpe mgonjwa na anayemtunza nyumbani nakala. Wengi wenye jeraha la shingo hukaa kwenye 90 hadi 110. Kupanda kwa 20 hadi 40 juu ya hapo tayari ni dharura, ila muuguzi asiyemjua atasoma 140, aone ni ya kawaida, na amrudishe kwenye foleni.